Mirathi ya Karatasi

Majira ya baridi ya mwaka 1905 kuingia 1906, Etta Cone wa Baltimore alikuwa Paris akipiga taipu mswada wa rafiki yake, mwandishi Gertrude Stein. Hakuwa karani. Kaka zake walikuwa na viwanda vya pamba kule North Carolina, vilivyofuma kitambaa cha jinzi, na pesa za kumlipa mtu afanye kazi ile alikuwa nazo. Lakini alijitolea mwenyewe, na aliifanya kwa namna ambayo Stein aliisimulia kwa kicheko miaka mingi baadaye: alikuwa anagonga herufi moja moja bila kusoma maneno, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuyasoma. Adabu ilimzidi. Stein alipogundua akampa ruhusa, ndipo macho yakaanza kufuatana na vidole.

Mswada ule ulitoka kitabu mwaka 1909, *Three Lives*, visa vya wanawake watatu wa mji ambao Stein aliuita Bridgepoint, ingawa kila aliyepita Baltimore aliutambua. Kisa kirefu kuliko vyote ni cha Melanctha, msichana Mweusi anayependana na daktari Mweusi, wakabishana mpaka penzi likachoka. Nyuma ya kisa hicho kuna kingine. Mwaka 1903 Stein alikuwa amemaliza riwaya fupi ya wanawake watatu, mmoja akimpenda wa pili ambaye tayari ni mpenzi wa yule wa tatu, nayo aliichota katika moyo wake mwenyewe, tangu siku alizokuwa akisomea udaktari Johns Hopkins. Aliipa jina la *Q.E.D.*, akaifungia kabatini. Ilichapishwa mwaka 1950, yeye akiwa kaburini miaka minne, tena kwa jina jingine.

Kwa hiyo aliloshindwa kulisema juu yake mwenyewe alilihamishia kwa wengine. Wanawake wawili wakawa mwanamume na mwanamke, na weupe wakawa weusi. Wahakiki wamemsifu karne nzima kwa ujasiri wa lugha, na hata mwandishi Mweusi Richard Wright alikisifu kisa cha Melanctha. Claude McKay, mwandishi Mweusi mwenzake, alikisoma asione kipya chochote kuhusu maisha ya Weusi. Mimi niko upande wa McKay. Stein alihitaji vazi la kujifichia, akaenda kulivua kwa majirani zake Weusi wa Baltimore, na kabla ya kulivaa akalishonea kila dharau iliyokuwa ikiuzwa mtaani wakati ule. Anayefichwa naye anaweza kuwaficha wengine. Nimeona ni vizuri kulisema hili mapema, tusije tukadhani kwamba kila aliyeonewa ni malaika.

Etta alirudi nyumbani na picha. Yeye na dada yake Claribel, ambaye alikuwa daktari, walinunua kwa miaka mingi, hasa za Matisse, kiasi cha kazi 500 zake peke yake. Nyumba zao katika jengo la Marlborough, mtaa wa Eutaw Place, zilijaa picha hadi bafuni. Leo makusanyo hayo yako Baltimore Museum of Art, jumba lenye nguzo za mawe lililopakana na chuo kikuu kilekile ambacho Stein alikiacha bila shahada. Kiingilio ni bure tangu mwaka 2006. Hapo ndipo nilipokaa asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi Juni, kusikiliza waandishi wa LGBT wakisoma kazi zao.

Asubuhi za namna hii zina taratibu zake, na aliyewahi kuhudhuria moja ameziona nyingi. Viti vya kukunja vimepangwa mistari mitano au sita. Kahawa inabaki nje, kwani haruhusiwi mtu kusogeza kikombe karibu na picha. Kuna meza ya vitabu, na nyuma yake kijana wa duka la vitabu anayeomba Mungu watu wanunue, kwa maana akirudi na maboksi yaleyale bosi wake hatamtuma tena. Kipaza sauti kimewekewa mtu mrefu, na msomaji wa kwanza daima ni mfupi. Watu wanasalimiana kwa mikono miwili. Wengi ni wa makamo, wamevaa kama wanaokwenda ibadani, na baadhi yao, nadhani, waliacha kwenda ibadani kwa lazima.

Msomaji wa kwanza alikuwa mama wa miaka sitini na kitu mwenye miwani ya kamba. Kurasa zake alikuwa amezitia moja moja katika mifuko ya plastiki, ile ya kuwekea vyeti kwenye faili. Baadaye alieleza kwamba mikono yake hutoka jasho akisimama mbele za watu, na mara moja wino ulimwagika ukurasa mzima akabaki anabahatisha shairi lake mwenyewe. Kila alipogeuza ukurasa, plastiki ilikwaruza kwenye spika tukasikia mlio kama wa mvua inayoanza kugonga bati. Alisoma habari ya rafiki yake aliyefariki mwaka 1992. Ndugu wa marehemu walifika na lori saa ileile mazishi yanaendelea. Mwenzi wa marehemu, mwanamume aliyemuuguza miaka mitatu, alirudi kutoka makaburini akakuta kitasa kimebadilishwa. Alichofanikiwa kutoka nacho ni koti alilokuwa amelivaa, na mfukoni orodha ya manunuzi kwa mwandiko wa marehemu: maziwa, betri, limau. Orodha hiyo alihama nayo nyumba baada ya nyumba, mpaka naye akafa.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi mara moja. Kisha wakapiga, kwa ile staha ya makumbusho ambayo mimi siipendi, viganja vikigusana kama vinaogopa kuamsha mtoto.

Waandishi wengi, tuseme kweli, hawajui kusoma. Wa pili siku ile, kijana mwenye kitabu kizuri nilichokwisha kukisoma, alikisoma kutoka kwenye simu kwa sauti ya mtu anayehakiki risiti. Nililelewa pwani, ambako shairi lisilo na sauti huonekana bado halijamaliza kutungwa, na kila mtaa una mzee anayejua kulighani la mwenzake kuliko mwenyewe; labda ndiyo maana nakosa uvumilivu. Wa tatu alituokoa. Alikuwa mtu aliyebadili jinsia na jina akiwa na miaka arobaini, akatusomea kisa cha kwenda ofisi moja baada ya nyingine kubadilisha jina hilo kwenye hati: leseni, benki, bima, kadi ya maktaba. Kila dirisha lilidai hati kutoka dirisha jingine. Mlinzi wa chumba, mzee mrefu aliyesimama karibu na mlango, ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza, kabla yetu sisi tuliokuja kusikiliza.

Nilimtazama sana mlinzi yule. Makumbusho hayo yana jambo moja ambalo nawasifia popote ninapokwenda: mwaka 2022 waliwapa walinzi wao 17 nafasi ya kuchagua kazi za sanaa na kuandaa maonyesho wao wenyewe, waeleze kwa nini wamechagua hiki wakaacha kile. Mtu anayesimama na picha saa nane kwa siku anaijua kuliko anayeiandikia makala. Ni kweli pia kwamba hana hisa ndani yake. Siku akiacha kazi, picha inabaki.

Nani anabaki na nini ndilo jambo nililokuwa nikiliwaza muda wote chini ya picha zile, na ndilo lililonifanya nianze na Etta. Claribel alifariki mwaka 1929. Katika wosia wake alimwachia Etta picha zote, akamshauri azitoe kwa makumbusho ya Baltimore iwapo mji huo utakuwa umejifunza kuithamini sanaa ya kisasa. Baltimore ikawekwa kwenye mtihani kwa wosia. Etta alisubiri miaka 20, huku makumbusho makubwa yakimbembeleza, na alipofariki mwaka 1949 mji ulikuwa umefaulu. Wosia, wakili na jina la familia lisilotiliwa shaka ndivyo vilivyozileta zile picha ukutani mbele yangu. Watu wamepiga porojo nyingi juu ya moyo wa Etta na jinsi alivyompenda Gertrude; porojo hizo sizihitaji. Ninachokiona ni kwamba mwanamke asiyeolewa aliweza kugawa alichokipenda, kwa sababu sheria ilimtambua kuwa dada wa mtu.

Sasa mtazame Alice. Alice B. Toklas alifika Paris mwaka 1907, akakutana na Stein siku zake za kwanza hapo, wakawa pamoja mpaka Stein alipofariki Julai 1946. Kazi ya kupiga taipu aliyoianza Etta, Alice ndiye aliyeishika. Alipika, alipokea wageni, alisoma prufu, aliwakalisha wake wa wachoraji pembeni ili waume wao wazungumze na Gertrude. Wachapishaji walipoikataa miswada ya Gertrude, wenzi hao waliuza mchoro wa Picasso, wakaanzisha uchapishaji wao wenyewe, na Alice akausimamia. Katika wosia wake Stein aliyaachia makumbusho ya Metropolitan ya New York ile picha maarufu aliyochorwa na Picasso. Nyingine alimwachia Alice atumie maisha yake yote, kisha ziende kwa mpwa wake Gertrude.

Alice akiwa na miaka themanini na kitu, alikwenda kukaa Rome kwa miezi kadhaa kwa ajili ya afya yake. Akiwa huko, mjane wa yule mpwa alikwenda mahakamani kudai kwamba picha hazina ulinzi wa kutosha. Mwaka 1961 zikaondolewa, zikafungiwa benki. Alice alirudi akakuta kuta tupu. Miaka mitatu baadaye aliondolewa hata kwenye nyumba yenyewe. Alifariki mwaka 1967, akazikwa kaburi moja na Gertrude katika makaburi ya Père Lachaise. Jina lake limechongwa nyuma ya jiwe. Anayetaka kulisoma inabidi azunguke.

Msomaji wangu wa Tanga au Kisumu hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Ameshaona mjane akiwa bado na macho mekundu, matanga hayajaanuliwa, na mawifi wanahesabu vitanda. Tofauti ni kwamba mjane wa kwetu ana pa kushika: cheti, au shehe aliyefungisha, au wazee waliopokea mahari, au watoto wenyewe. Anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akapiga kelele. Alice alikuwa na barua na kumbukumbu. Alikuwa pamoja na mtu miaka 39 na mbele ya sheria alikuwa mgeni aliyekawia kuondoka.

Kwetu habari ya wapenzi wa jinsia moja huzungumzwa kwa njia mbili, ama mahubiri ama mzaha, na kila mtu anajua mapema atacheka wapi na ataitikia amina wapi. Sina nia ya kubishana na yeyote juu ya mahubiri yake. Lakini jambo la mirathi haliko kwenye mahubiri wala mzaha. Linauliza, mtu akifa, nani anayejua funguo ziko wapi, nani anajua karatasi ipi ni takataka na ipi ni kazi ya miaka kumi.

Mfano ni mshairi Frank O'Hara, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1926, ingawa wazazi wake walimhamisha akiwa mchanga. Ndiye mshairi wa makumbusho kuliko wote. Aliajiriwa Museum of Modern Art ya New York mwaka 1951, mezani pa mlangoni, akiuza tiketi na postikadi, akapanda hadi kuwa miongoni mwa wanaoandaa maonyesho. Saa ya chakula cha mchana alitoka kutembea, akarudi na shairi. *Lunch Poems* ilitoka mwaka 1964. Julai 1966 gari la ufukweni lilimgonga usiku kwenye kisiwa cha Fire Island, akafa akiwa na miaka 40. Mashairi yake mengi hayakuwa kitabuni. Yalikuwa kwenye droo na ndani ya barua alizowatumia marafiki, na ilichukua hadi mwaka 1971 yakusanywe kuwa kitabu kimoja kinene ambacho kiliwashangaza hata waliodhani wanamjua. O'Hara alikuwa na bahati ya marafiki. Wengi wao walikuwa wachoraji na waandishi, watu wasiotupa karatasi.

Miaka ishirini baadaye, katika miaka ya ukimwi, marafiki nao walikuwa wanakufa.

Hapa inanibidi nikae kidogo, maana ndipo msomaji wa nne alipotufikisha. Alikuwa mwanamume Mweusi, mwalimu, na badala ya kusoma kazi yake mwenyewe kwanza alisimulia dakika kumi habari za Joseph Beam. Beam alikuwa mtu wa Philadelphia, mfanyakazi wa duka la vitabu liitwalo Giovanni's Room. Alichoka kupanga rafuni vitabu vya wapenzi wa jinsia moja ambavyo ndani yake hakukuwa na mtu mfano wake. Mwaka 1986 alitoa *In the Life*, mkusanyo wa maandishi ya wanaume Weusi. Akaanza kukusanya wa pili. Desemba 1988 alifariki kwa maradhi yatokanayo na ukimwi, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 34, na mkusanyo haujakamilika.

Mama yake, Dorothy Beam, alikuwa na uchaguzi ambao familia nyingi ziliufanya bila hata kuuita uchaguzi: masanduku yale yote ya barua na miswada ya wanaume wasiojulikana yaende jalalani, na jirani aambiwe kwamba mtoto alikufa kwa homa ya mapafu. Hakufanya hivyo. Alimpokea nyumbani kwake Essex Hemphill, mshairi rafiki wa mwanawe, akamweka chini ya paa lake ili kitabu kiishe. Fikiria nyumba ile. Kijana wa mwenzio anakula mezani pako, anapekua karatasi za mwanao aliyefariki, anakuuliza mwandiko huu unasomekaje, na wewe unavaa miwani unamsomea. *Brother to Brother* kilitoka mwaka 1991, jina la Hemphill kama mhariri, na ndani imeelezwa wazi kwamba Beam ndiye aliyekianza. Karatasi za mwanawe Dorothy alizikabidhi kituo cha Schomburg kule Harlem, ambako mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma.

Hemphill naye alifariki Novemba 1995, akiwa na miaka 38. Vitabu vyake vilitoweka madukani kwa miaka mingi, watu wakawa wanapeana nakala za fotokopi. Mwaka 2025 Phillips Collection, makumbusho ya sanaa mjini Washington, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Baltimore, iliandaa maonyesho mazima juu yake, mashairi yake yakiwekwa pamoja na kazi za wasanii waliomfuata. Yule mwalimu alikuwa amekwenda kuyaona. Alisema kitu ambacho sikukitarajia: alikasirika. Alisimama mbele ya kabati la kioo, ndani mna maandishi ambayo yeye aliyapata akiwa na miaka 19 kwa mkono wa mtu, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, na sasa yamewekewa taa na kipimo cha unyevu. Alijiuliza hawa watu walikuwa wapi. Kisha akasema hasira ilipopungua alirudi tena mara ya pili, akampeleka binti yake.

Ndipo akasoma shairi lake mwenyewe. Alisoma vizuri sana, kwa tumbo, na nikaelewa kwamba zile dakika kumi hazikuwa utangulizi. Alikuwa anatuonyesha hati ya urithi, kwamba sauti hii ameipata wapi na kwa mikono ya nani.

Nilimkumbuka mwandishi Binyavanga Wainaina wa Kenya, kwa sababu ya mama yake Beam. Januari 2014, siku anatimiza miaka 43, Binyavanga alichapisha insha ambamo anamwambia mama yake, kitandani hospitalini, kwamba yeye anapenda wanaume. Mama hakuwahi kuyasikia. Alikuwa ameshafariki mwaka 2000, na mwanawe hakuwa kando yake. Yote yale ni tukio ambalo halikutokea, limetungwa na mtoto aliyechelewa. Kenya ilizungumza juu ya insha ile kwa wiki nyingi, na wengi waliozungumza hawakuwa wameisoma. Mwenyewe, kana kwamba anajua kusomwa peke yake hakutoshi, alirekodi video akizungumza mbele ya kamera, bila karatasi, sehemu baada ya sehemu. Alitaka tumsikie. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya nchi yake ilitoa hukumu iliyosubiriwa, ikavibakiza vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyoachwa na wakoloni wa Kiingereza.

Dorothy Beam alipata masanduku bila mwana. Binyavanga alikuwa na maneno bila mama. Ningependa kujua watu hao wawili wangeambiana nini, na nadhani wangeanza na chakula.

Huko Marekani kwenyewe mlango wa sheria ulifunguliwa na ugomvi wa mirathi, jambo ambalo wanaoimba habari za mapenzi hulisahau. Edith Windsor aliishi na Thea Spyer zaidi ya miaka arobaini. Walifunga ndoa Canada mwaka 2007, na Thea alifariki mwaka 2009. Serikali ikampelekea Edith kodi ya mirathi ya dola 363,053, kodi ambayo mjane wa mwanamume asingelipa hata senti moja. Alikwenda mahakamani kudai pesa zake. Juni 2013 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, na miaka miwili baadaye ndoa za jinsia moja zikatambuliwa nchi nzima. Maryland, jimbo la Baltimore, ilikuwa imetangulia: Novemba 2012 wananchi walipiga kura wakazikubali, na usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 2013 watu walianza kufunga ndoa jengo la halmashauri ya jiji.

Ilipofika zamu ya maswali, kijana mmoja wa chuo alimuuliza yule mama wa kurasa za plastiki kama yeye na mwenzake nao walioana Januari ile. Ndiyo, alisema, wiki ya kwanza. Na la kwanza walilolifanya baada ya hapo? Kijana, nadhani, alitarajia kusikia habari za keki.

"Tulikwenda kwa wakili kuandika wosia," alisema yule mama. "Daftari zangu zote ni za mke wangu. Akitangulia yeye, ni za mpwa wangu mmoja ambaye hapendi kusoma. Nimemchagua kwa sababu hiyo hiyo. Asiyesoma hachomi."

Watu walicheka, safari hii bila staha, na yule mzee wa mlangoni akatikisa kichwa kama anayeandika jambo moyoni.

Wosia ninaoupenda kuliko yote katika jumba lile bado haujatekelezwa, na naomba ukawie. Ni wa John Waters, mtengenezaji wa filamu na mwandishi, mzaliwa wa mji huohuo, ambaye filamu yake ya *Pink Flamingos* ya mwaka 1972 bado inawatoa watu ukumbini wakishika midomo. Akiwa mtoto alinunua picha ya kuchapwa ya Miró katika duka la makumbusho yale, wenzake wakaichukia, naye akajua ameshika kitu cha maana. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba siku akifa makusanyo yake, kazi 372, yataenda hapo. Moja ya masharti yake lilikuwa kwamba vyoo vya makumbusho viitwe kwa jina lake. Wakakubali. Vilifunguliwa mwaka 2021, vya kila mtu, bila mlango wa wanaume wala wa wanawake, na mmoja wa waliovizindua ni Elizabeth Coffey, mwigizaji aliyebadili jinsia aliyekuwamo kwenye ile filamu ya 1972. Watu wengine huomba ukumbi. Waters alikuwa anafahamu ni chumba gani kila mgeni lazima akitembelee.

Saa nne milango ilifunguliwa kwa umma, na familia zenye vigari vya watoto zikaanza kupita kati ya viti vyetu kuelekea kwa Matisse. Yule kijana wa vitabu alikuwa ameuza boksi zima na sura yake ilionyesha. Yule mama alimaliza kusaini, akarudisha kurasa zake kwenye faili, akaniuliza vyoo viko wapi. Nilimwelekeza. Alilisoma jina ukutani, akasema bwana yule amekuwa na wakili mzuri kuliko wake, akaniachia faili nimshikie.